Je, janga la maradhi huongeza mauaji? Majibu yapo jirani na Singida

UNAPOUACHA mji wa Singida kuelekea kaskazini, ukapita wilaya ya Mkalama hadi kwenye daraja la mto Sibiti, unakuwa umefika mpakani mwa mkoa huo na mkoa wa Simiyu. Ng'ambo ya mto ni wilaya ya Meatu, ambayo hadi mwaka 2012 ilihesabiwa kuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga.

Nchi haitofautiani sana pande hizo mbili. Ni nyanda kame za mtama, uwele, alizeti na ng'ombe, ambako mkulima huanza kutazama mawingu tangu Oktoba, na mvua ikichelewa kaya nzima hupunguza mlo kabla hata mtu hajatamka neno njaa.

Nimeanzia huko kwa sababu moja. Ni katika vijiji vya Meatu ambako ulifanyika utafiti unaokaribia zaidi kulijibu swali ambalo limeulizwa sana nchini tangu ugonjwa wa corona (UVIKO-19) uripotiwe kwa mara ya kwanza jijini Arusha mwezi Machi 2020. Swali lenyewe ni hili: je, janga la maradhi huongeza idadi ya watu wanaouawa na binadamu wenzao?

Itakumbukwa kuwa mwanzoni mwa mwaka 2022 vyombo vya habari vilijaa taarifa za mauaji kutoka mikoa mbalimbali, mengi yakiwa yamefanyika ndani ya familia. Wapo waliotaja wivu wa mapenzi, wapo waliotaja afya ya akili, na wapo waliosema kwa uhakika kabisa kwamba hayo ni matokeo ya corona: kwamba miaka miwili ya hofu, misiba na vipato vilivyoyumba imewatoa watu utu.

Maelezo hayo yana mvuto. Yanaeleweka haraka na hayamlaumu mtu yeyote. Hata hivyo, ukiyapima kwa yale yaliyotokea duniani na hapa kwetu, hayasimami.

Tuanze na dunia. Nchini Marekani, takwimu za shirika la upelelezi la FBI zilionyesha kuwa mauaji yaliongezeka kwa karibu asilimia 30 mwaka 2020 yakilinganishwa na mwaka 2019. Halikuwahi kuonekana ongezeko kubwa kiasi hicho kwa mwaka mmoja tangu nchi hiyo ianze kuweka kumbukumbu hizo kitaifa katika miaka ya 1960.

Lakini ugonjwa huo huo, katika majira hayo hayo, ulikwenda na jambo lililo kinyume kabisa nchini Afrika Kusini. Waziri wa Polisi wa wakati huo, Bheki Cele, alitangaza kuwa kati ya Machi 27 na Aprili 20, mwaka 2020, polisi walipokea kesi 432 za mauaji, ilhali katika kipindi kama hicho mwaka uliotangulia zilikuwa 1,542. Nchi ilikuwa imefungwa, watu wako majumbani, na uuzaji wa pombe umepigwa marufuku. Marufuku hiyo ilipoondolewa Juni mosi, wodi za majeruhi hospitalini zikajaa tena.

Watafiti waliolinganisha miji 27 katika nchi 23 waligundua kuwa uhalifu kwa ujumla ulishuka kwa wastani wa asilimia 37 baada ya watu kuzuiwa kutoka nje. Mauaji nayo yalishuka, ila kwa kiasi kidogo kuliko makosa mengine, wastani wa asilimia 14. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, kwa upande wake, ilikadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao 47,000 waliuawa na wenzi au ndugu zao mwaka 2020, idadi ambayo haikutofautiana sana na ya mwaka uliotangulia. Kwa wanawake hao, nyumba haikuwa kinga kabla ya corona wala wakati wa corona.

Kirusi ni kimoja, matokeo ni tofauti. Ni dhahiri basi kuwa ugonjwa peke yake hauwezi kuwa sababu. Kinachopaswa kutazamwa ni vile vinavyoingia pamoja nao katika nchi husika.

Kwa majirani zetu wa Kenya, kilichoingia pamoja na ugonjwa kilikuwa ni rungu na risasi. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza kutekelezwa Machi 27, mwaka 2020. Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilisema kuwa watu wasiopungua sita walipoteza maisha kutokana na ukatili wa polisi katika siku kumi za mwanzo. Hadi Aprili 6, vifo vilivyokuwa vimetangazwa na serikali ya Kenya kutokana na corona yenyewe vilikuwa sita pia. Mwanzoni mwa Juni, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi nchini humo, IPOA, ilisema vifo 15 vilihusishwa moja kwa moja na vitendo vya polisi tangu amri hiyo ianze.

Uganda ilikuwa na msiba wake. Mgombea urais Robert Kyagulanyi, maarufu kama Bobi Wine, alikamatwa wilayani Luuka Novemba 18, mwaka 2020, akidaiwa kukiuka masharti ya mikusanyiko yaliyowekwa kwa ajili ya corona. Ghasia zilizofuata ziligharimu maisha ya watu 54 kwa hesabu ya serikali yenyewe.

Na mashariki mwa Congo, wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287, wahudumu wa afya waligeuka kuwa walengwa. Daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa kwa risasi hospitalini mjini Butembo Aprili 19, mwaka 2019. Huko ugonjwa uliingia katika eneo lililokuwa na vita kwa zaidi ya miongo miwili, ambako mtu aliyefika na gari la serikali hakuaminiwa hata alipoleta chanjo.

Katika mifano yote mitatu, aliyeua alikuwa na bunduki na alikuwa na historia yake kabla ya ugonjwa.

Tanzania haikupita njia hiyo. Shule na vyuo vilifungwa katikati ya Machi 2020 na kufunguliwa Juni, lakini watu hawakufungiwa ndani. Mabasi ya Dar es Salaam na Mwanza yaliendelea kusimama Singida, minada iliendelea, na mkulima wa vitunguu hakuzuiwa kwenda shambani. Mtu anaweza kuulaumu uamuzi wa serikali ya Rais John Magufuli kwa mengine mengi, likiwamo la kuacha kutangaza idadi ya wagonjwa baada ya kufikia 509 na vifo 21. Lakini kwa suala tunalolijadili hapa, ukweli ni kwamba hapakuwa na askari barabarani wa kumpiga mtu kwa kuchelewa kurudi nyumbani.

Kwa hiyo, kama corona ilichangia mauaji katika mkoa kama Singida, ilipaswa kupitia mlango mwingine. Mlango unaotajwa mara nyingi ni imani za kishirikina: kwamba maradhi na misiba vikizidi, watu hutafuta wa kumlaumu, na anayelaumiwa huwa ni bibi mzee mwenye macho mekundu, ambayo aghalabu ameyapata kwa kupikia kuni na samadi kavu miaka hamsini.

Hofu hiyo ina msingi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikieleza kwa miaka mingi kuhusu mauaji ya watu wanaotuhumiwa uchawi, na kati ya mwaka 2005 na 2011 pekee idadi iliyotajwa ilifikia takriban watu 3,000 nchi nzima. Kanda ya Ziwa na mikoa inayopakana nayo, Singida ikiwamo, ndiyo imekuwa ikitajwa zaidi.

Hapa ndipo unapoingia utafiti wa Meatu. Mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikusanya taarifa za vijiji 67 vya wilaya hiyo, mwaka hadi mwaka, kuanzia 1992 hadi 2002. Alitaka kujua mambo matatu: mvua ilikuwaje, palikuwa na mlipuko wa maradhi au la, na ni watu wangapi waliuawa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005.

Aligundua kwanza kuwa karibu nusu ya mauaji yote yaliyotajwa yalikuwa ya watu waliotuhumiwa uchawi. Karibu wote walikuwa wanawake wazee, na waliowaua mara nyingi walikuwa watu wa ukoo wao.

Pili, na hili ndilo kubwa, katika miaka ambayo mvua ilipita kiasi, ama kwa ukame ama kwa mafuriko, mauaji hayo yalikuwa mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda kwa namna hiyo.

Tatu, katika miaka ambayo vijiji vilikumbwa na milipuko ya maradhi, mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi hayakuongezeka.

Msomaji naomba alitafakari jambo hilo, maana linapingana na mazoea yetu ya kufikiri. Tungetarajia kuwa mlipuko wa ugonjwa, wenye kuua watoto kwa wakubwa katika muda mfupi, ndio ungewasukuma watu kutafuta mchawi. Jirani kafiwa, naye anauliza nani kamroga. Lakini aliyekufa alizikwa, kilio kikapigwa, na bibi akaendelea kuishi. Mvua iliposhindikana na ghala likawa tupu, bibi huyo huyo alikuwa hatarini.

Maelezo ya Miguel ni ya kiuchumi na ni makali kuyasikia. Kaya inayokaribia kukosa chakula humhesabu kila mlaji. Mzee asiyeweza tena kulima, ambaye kwa mila ndiye mwenye heshima ya kwanza mezani, ndiye mzigo unaoonekana. Tuhuma za uchawi huja kama ruhusa ya kufanya jambo ambalo bila ruhusa hiyo hakuna mtoto ambaye angelitenda kwa mama yake.

Si lazima kuyakubali yote. Binafsi naona maelezo hayo yanampa mkulima akili ya mfanyabiashara kuliko inavyostahili, na yanamsahau mganga wa ramli chonganishi ambaye ndiye humtaja mtu kwa jina na kulipwa kwa hilo. Aidha, milipuko ya Meatu katika miaka ya 1990 haikuwa janga la dunia nzima. Lakini tofauti kati ya mwaka wa maradhi na mwaka wa njaa imo katika hesabu zake, na yeyote anayetaka kuibishia inampasa alete hesabu nyingine.

Upande wa pili wa Sibiti, kwa Wanyisanzu wa kaskazini mwa Singida, mwanazuoni Todd Sanders aliandika kwa kina kuhusu matambiko ya mvua ya Kirumi na namna wanavyowafikiria wachawi. Kinachovuta macho katika kazi yake ni kwamba miongoni mwa wachawi wanaoogopwa sana ni yule anayefunga mvua. Anayedhaniwa kuleta homa huidhuru nyumba moja. Anayedhaniwa kufunga mvua huwa ameutia njaani ukoo wote. Tuhuma hufuata shamba.

Historia ya mkoa nayo inasema kitu, ingawa yapasa kuisoma kwa tahadhari.

Janga kubwa la dunia kabla ya corona lilikuwa homa ya mafua ya mwaka 1918. Mwanahistoria John Iliffe alikadiria kuwa katika Tanganyika iliua kati ya watu 50,000 na 80,000. Katikati ya nchi homa hiyo ilikuta maafa mengine tayari yapo. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosekana. Wagogo, ambao baadhi yao wako Manyoni katika mkoa wa Singida wa leo, waliita njaa hiyo Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria kuwa katika Ugogo iliua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000.

Kumbukumbu za utawala wa Kiingereza zinataja kuwa ilikuwa mwaka 1920, mara tu baada ya hayo, ambapo habari za "watu-simba" wa Singida zilianza kuwafikia maofisa: maiti zilizoraruliwa kama kwa makucha, ambazo baadaye ilidaiwa kuwa ni kazi ya binadamu waliovaa ngozi za simba. Ni rahisi mno kuziunganisha nukta hizo na kusema kuwa mafua yalizaa mauaji.

Lakini mauaji hayo yalirudi kwa kishindo kati ya mwaka 1946 na 1948, makumi ya watu wakafa, kesi zikasikilizwa na watu wakahukumiwa. Mwaka 1946 hapakuwa na mafua ya dunia. Kilichokuwapo katika nyanda za kati ni miaka ya njaa iliyoanza 1943, wakati vita vya pili vikidai tena ng'ombe na nguvukazi. Wataalamu wenyewe hawajaacha kubishana kuhusu watu-simba, na Harold Schneider aliyeishi na Wanyaturu aliona kuwa simulizi ya maofisa wa kikoloni inahitaji kuangaliwa upya. Sitadai kuwa njaa iliwazaa. Nasema tu kuwa, kama ni lazima kutafuta kilicho sawa katika vipindi hivyo viwili, hakiwezi kuwa mafua.

Ukimwi nao unatoa ushahidi wa aina hiyo. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Lakini uchunguzi wa serikali ulionyesha kuwa maelfu ya watu walikuwa wameshauawa kwa tuhuma za uchawi kati ya mwaka 1970 na 1984, wengi wao Usukumani, kabla jina la ugonjwa huo halijajulikana vijijini. Marehemu ama hai, hakuna aliyeweza kuusingizia. Msomi Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alielekeza kidole kwingine, kwenye kuhamishiwa watu vijijini katika miaka ya 1970, ambako familia zilizokuwa zimeishi mbalimbali zilijikuta zimebanana bila ardhi na bila utaratibu wa zamani wa kumaliza ugomvi.

Kwa hiyo mtu wa Singida anayetaka kujua ni lini bibi yake yuko hatarini asiangalie takwimu za wagonjwa. Aangalie mvua, na aangalie bei.

Mwaka 2022 bei za mafuta ya magari zilipanda kupita shilingi 3,000 kwa lita, hadi serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Msimu uliofuata wakulima wa alizeti, zao ambalo limewasomeshea watoto wengi wa Iramba na Ikungi, walilalamika kuwa bei imeporomoka baada ya mafuta ya kula ya nje kuingia kwa ushuru nafuu. Hayo mawili hayakuitwa janga. Hayakuundiwa kamati ya taifa. Lakini katika kaya yenye ekari tatu za alizeti, debe lililouzwa nusu ya bei ni sawa na mvua iliyokata mapema.

Serikali imejaribu njia ya sheria na ya polisi. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928. Waganga wa jadi walifutiwa vibali mwaka 2009 kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, na marufuku nyingine ikatangazwa dhidi ya wapiga ramli mwaka 2015. Hatua hizo zilistahili, ila zinamkuta muuaji akiwa ameshaamua.

Miguel alipendekeza kitu kisichofanana na kazi ya polisi hata kidogo, nacho ni pensheni kwa wazee wote. Alitoa mfano wa Afrika Kusini, ambako katika mkoa wa kaskazini mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi yalipungua sana baada ya wazee weusi kuanza kupata pensheni kamili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bibi anayepokea fedha kila mwezi anageuka kutoka mlaji kuwa mleta chakula, na wajukuu huanza kumuombea maisha marefu.

Hapa nchini, Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha umri wa miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au la. Upande wa Bara suala hilo limezungumzwa bungeni na katika warsha kwa miaka mingi, huku kaya maskini zikisaidiwa kupitia mpango wa TASAF. Mpango huo unafika Singida na umewatoa wengi kwenye shida, lakini fedha zake huhesabiwa kwa kaya. Mzee hana fungu lake mkononi, na katika nyumba ambayo tayari imeanza kumnong'ona, tofauti hiyo si ndogo.